Acheni kupima mtoto kwa sikio

Ikikaribia Januari, hapa Mwanza kuanzia Igogo hadi Buhongwa, watoto husimamishwa uani wakaambiwa wapitishe mkono juu ya kichwa washike sikio la upande wa pili, ionekane kama wanafaa kuanza chekechea. Kipimo hicho kilitumika enzi ambazo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, tena kwa darasa la kwanza. Mkono wa watoto wengi haulifikii sikio mpaka miaka sita au saba. Ukikitumia kwa chekechea, unamfungia nyumbani wa miaka mitano ambaye nafasi ni yake: kwa sera ya elimu, toleo la 2023, mwaka mmoja wa awali ni wa lazima na darasa la kwanza huanza akiwa na miaka 6. Huyo aende. Wa kupimwa ni wa miaka mitatu na minne, na sikio halihusiki.

Anza na choo, maana hapo ndipo wengi hukwama. Aliyezoea poti huliogopa shimo la choo cha shule, hujibana mpaka saa sita, kisha hujikojolea, na kesho yake hataki kwenda. Ajue kusema mapema, kuvua, kuchuchumaa, kuchamba kwa kopo na kunawa kwa sabuni. Mpe wiki mbili za mazoezi, nawe simama nje ya mlango. Mkanda na zipu humchelewesha. Mnunulie kaptula ya mpira kiunoni. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi ya mjini yamepita hapo. Hakuna wa kumfuata chooni.

Kama nyumbani mnaongea Kisukuma, endeleeni nacho. Mfundishe tu sentensi chache za Kiswahili za kujiokoa: naomba kwenda chooni, nina kiu, naumwa, amenipiga.

Mpe agizo la hatua mbili: “Chukua kikombe jikoni, kampelekee bibi.” Wa miaka minne aliweze bila kukumbushwa. Akishindwa kila mara, usiharakishe kumwita mkaidi, mchunguze masikio. Linalotoa usaha humfanya asisikie vizuri, na hilo ni la kituo cha afya, si la fimbo.

Herufi wala usihangaike nazo. Shule inayomfanyia wa miaka mitatu usaili wa a, e, i, o, u inapima kilicho kazi yake yenyewe kufundisha, na mimi nisingempeleka huko.

Kilio cha wiki za mwanzo ni cha kawaida: muage waziwazi, usimtoroke. Ila wa miaka mitatu akiingia mwezi wa pili bado analia kutwa, uji hanywi, na kitanda alichokuwa ameacha kukilowesha anakilowesha tena, zungumza na mwalimu, umpumzishe mpaka muhula ujao. Wa miaka mitano msimtoe. Kaeni na mwalimu mtafute kinachomtisha, mkianzia chooni.