Hapa Uingereza mtoto hatoki getini bila listi, kwetu Busia, Uganda nilikuwa natembea nao mpaka kwao

Juzi saa tisa na robo watoto wanatoka, mimi nimesimama mlangoni na karatasi yangu ya majina ya wanaoruhusiwa kuchukua watoto, akaja bibi mmoja wa Kihindi kumchukua mjukuu wake. Huyu bibi namjua vizuri. Amezaliwa Jinja, familia yao walifukuzwa na Amin 1972 wakaishia hapa Leicester kama wengi wao, na kila tukionana ananisalimia kwa Kiswahili, kile cha zamani cha dukani, nafurahi mpaka basi. Sasa siku hiyo jina lake halipo kwenye listi, alitakiwa kuja mama mtu, treni ikamchelewesha. Mtoto ameshamng'ang'ania bibi mguu, bibi ananiambia "Mwalimu, mimi bibi yake, wewe unanijua," na kweli namjua, lakini siwezi kumwachia mpaka ofisi impigie mama, na mama hapokei. Tumesimama hapo sote watatu manyunyu yanatulowesha mpaka simu ilipopokelewa.

Kabla hamjaanza, sheria naielewa. Watoto wanaibwa, kuna familia zimeachana vibaya, shule ikikosea mtoto anaumia. Nimefundishwa hiyo kazi na naifanya kwa moyo wote. Ila usiku huo sikulala vizuri, nilikuwa nawaza barabara yetu ya Busia, pale mpakani na Kenya.

Nilikuwa nafundisha P.3, yaani darasa la tatu, shule ya UPE, ule mpango wa serikali wa praimari bure, darasa la watoto zaidi ya mia, mnajua hayo sina haja ya kueleza. Kengele ikilia hakuna mzazi getini, nani aje, na kazi amwachie nani. Watoto wanaondoka makundi makundi, wa mtaa wa Sofia njia yao, wa upande wa mashambani njia yao, mkubwa kamshika mdogo, na mimi nilikuwa natembea na wa Sofia kwa sababu nilipanga huko. Kwanza ni vita ya nani abebe madaftari. Aliyepata madaftari anatembea mbele kama RDC, mkuu wa wilaya. Aliyekosa anataka mkoba, aliyekosa mkoba anashika hata kidole kimoja cha mwalimu, na wakati huohuo wote wanaongea, Kisamia, Kiteso, Kiswahili, vyote pamoja.

Na kwenye hiyo njia ndo nilikuwa nawajua. Darasani mtoto anakwambia "yes madam" basi. Njiani anakwambia baba amevuka Kenya hajarudi, jana tumelala na chai, kesho siji ni siku ya soko. Hakuna fomu ingenipa hayo.

Kulikuwa na kabinti kamoja, hesabu za ubaoni kalikuwa hakajibu kabisa, kanaangalia chini tu mpaka nashindwa. Nilishaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito. Mama yake anauza mukene, dagaa wale wadogo, pale karibu na mpaka, siku moja tukapita, mama kaenda kutafuta chenji, kabinti kakashika meza. Akaja mteja wa upande wa Kenya, akataka kikombe cha elfu moja na mia tano za Uganda, akatoa mia ya Kenya. Siku hiyo shilingi moja ya Kenya ilikuwa inaenda ishirini na nane ya kwetu. Nikawa nahesabu kichwani, na mimi ni mwalimu, kabla sijamaliza kameshamrudishia elfu moja na mia tatu na kanamuuliza kama anataka mfuko. Tangu siku hiyo hesabu za P.3 nikafundisha kwa pesa mbili, nakata vikaratasi, hii ya Kenya hii ya Uganda, nusu ya darasa wakafunguka, na kabinti kangu kakawa ndo kanawasahihisha wenzake. Miaka baadaye mama yake kanitumia voisi, kabinti kamefanya PLE, mtihani wa kumaliza praimari, hesabu kamepata D2, alama ya pili kutoka juu. Nilikuwa kwenye basi, nililia hadharani sikujali.

Sasa hapa niko msaidizi wa mwalimu, darasa la wadogo, na sheria hairuhusu mwalimu mmoja kuzidi watoto thelathini. Thelathini! Kila mtoto ana kiti chake, ana kitabu chake, na hawa wadogo wote wanakula bure mchana, mtoto wa daktari na wa anayefagia meza moja. Nawapenda wananipenda, wananichorea picha nina nywele za kijani. Lakini simjui hata mmoja anakolala. Nikikutana naye supamaketi Jumamosi anashtuka, na mzazi naye anashtuka, tunachekeana kidogo kila mtu anaenda zake.

Najua mnachotaka kusema. "Madam ameshashiba pauni anatusifia kutembea kwa miguu." Hapana jamani. Sisifii umaskini. Hiyo barabara nimeitembea mimi, na malori yale ya mpakani nayajua, yanapita pembeni ya mtoto wa miaka sita vumbi linamfunika humuoni, unashika shati lake tu unaomba Mungu. Hilo linanikasirisha mpaka leo. Nachosema ni kwamba kule mtoto ni wa njia nzima, muuza chapati anamjua, wa boda anamjua, akichepuka kwenda kuvusha jerikeni kwenye njia za panya mtu ananiambia jioni hiyohiyo. Shule zilipofungwa kwa korona Machi 2020 mpaka Januari 2022 nilikuwa bado nakutana nao hukohuko njiani, ndo nikajua nani ameenda kwenye machimbo ya dhahabu kule Tiira na nani ameanza kuvimba tumbo kwa mimba, hivyo zilipofunguliwa nilijua mlango gani wa kubisha. Baadhi walirudi kwa sababu nilibisha. Siwezi kufanya hivyo hapa, ningefukuzwa kazi.

Mwingine atasema "si urudi basi kama unatupenda hivyo." Nirudi kwa ule mshahara wa laki tano za Uganda kwa mwezi? Walimu wenzangu wa praimari mnajua, 2022 tulivyogoma mwezi wa sita wakati walimu wa sayansi wa sekondari wameongezewa mshahara, mnajua jibu tulilopewa. Sikuondoka kwa sababu nawadharau. Niliondoka nina watoto wangu watatu wa kulipia ada, na nilikuwa nafundisha wa watu asubuhi mpaka jioni wa kwangu wamerudishwa nyumbani kwa ada. Atakayeniita mwenye majivuno kwa hilo na aniite.

Kinachoniuma zaidi ni chakula, nasema hapa kwa sababu nikisema kwenye mkutano wa wazazi nilikuwa naambiwa ninyamazishe watoto tu. UPE imeanza 1997, halafu sheria ya elimu ya 2008 inasema chakula ni jukumu la mzazi. Mzazi gani? Yule wa mukene? Anayeweza analipia posho, yaani ugali, na maharage, asiyeweza mtoto wake anakaa nje chini ya mti saa saba anaangalia wenzake wanakula, halafu mimi saa nane nimfundishe kugawanya. Nimewaona wakisinzia, nimewaona wakikojoa kwa kudhoofika. Hawa wa Leicester hakuna aliyezaliwa na akili kuliko kabinti kangu, wamekula tu. Na msiniambie hatuna pesa, Busia hapo mpakani ushuru unakusanywa usiku na mchana, nyie mnaoishi hapo mnaona foleni ya malori inavyofika. Mahindi yanapita mbele ya geti la shule yametoka mashamba yetu wenyewe yanavuka kwenda Kenya, na mtoto wa P.3 amesimama pembeni na njaa anayahesabia magunia.