Tonge la Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kuonja. Mshahara ukiingia, wenzangu wanafikiria kodi, mimi nafikiria ni hoteli gani mpya imefunguliwa. Nimekula Eastleigh saa sita usiku, nimesimama Kenyatta Market moshi wa nyama choma ukiniingia hadi ndani ya soksi, na kule Parklands niliwahi kuzingirwa na maweita saba, kila mmoja na menyu yake, nikaagiza kwa watatu kwa sababu niliona haya kuwakataa. Kwa hivyo shemeji yangu alipohitimu chuo na wakwe wakasema watakuja Nairobi kushuhudia, hakuna aliyeuliza nani atachagua mahali pa kula. Kiherehere changu kilikuwa kimeshainua mkono.

Ngoja kwanza nimweleze asiye wa kwetu. Sisi ni Wabukusu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake ni kama magoli mawili: mko uwanja mmoja, mnaonana kwa mbali, na ikitokea mmekutana, basi kuna kitu kimeharibika sana. Hamshikani mikono. Hamtazamani usoni. Yeye akishika njia hii, wewe unakumbuka una shughuli njia ile. Kula pamoja ndiyo usiseme. Kwa miaka tisa ya ndoa sikuwahi kumwona mama huyu akitafuna. Navijua viatu vyake vyote na pindo la kila leso yake, maana huko ndiko macho yangu huishia, lakini ungeniuliza kama ana mwanya au ana pengo, ningekwambia sijui na sitaki kujua.

Mpango wangu ulikuwa rahisi: meza mbili. Wanaume huku, wanawake kule, katikati tuweke nguzo au mtungi wa maua. Mwenzangu kazini alikuwa amenisifia hoteli mpya ya Kihabeshi huko Kilimani hadi mate yakanijaa. Chakula cha Wahabeshi nilikuwa nimekila mara moja tu, tena cha kubebewa ofisini, kila mtu na mkebe wake. Nikapiga simu.

"Watu sita, meza mbili," nikasema. "Ziwe mbalimbali."

"Sawa kaka, karibuni sana," sauti ikajibu. Sikusikia ikirudia lile neno "mbili", na mimi sikujisumbua kuuliza.

Basi Ijumaa jioni, baada ya picha mia na jamu ya Ngong Road, tukafika sisi sita: mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka minne, shemeji bado yumo ndani ya joho lake, baba mkwe, na nyuma kabisa, hatua kumi kama kawaida, mama. Hoteli ilikuwa imefurika. Kumbe nusu ya waliohitimu jijini siku hiyo walikuwa na shemeji kama mimi.

Weita akatupokea, msichana mchangamfu mwenye Kiswahili cha Nairobi na lafudhi ya Addis Ababa. Akatupeleka kwenye kona. Meza hakuna. Kulikuwa na kikapu kirefu kilichosukwa kwa rangi, mfano wa ungo uliosimama kwa mguu mmoja, kinaitwa mesob, na vigoda sita vimekizunguka, magoti yote yakielekea katikati.

"Dada, nilisema meza mbili," nikamnong'oneza.

"Zimejaa, kaka. Halafu hapa familia hatuigawanyi."

Nikamwambia kuna mambo ya mila. Akasema hata wao wana mila, na akaenda zake kuleta maji ya kunawa.

Nikajikuta napanga watu kama kocha wa timu inayolinda sare. Shemeji kushoto kwangu. Mama watoto kulia kwangu, awe ukuta. Nyuma ya ukuta, mama. Kisha mtoto, kisha baba mkwe. Kwa mpangilio huo, nikiangalia mbele namwona mtoto, nikiangalia juu naona balbu, na nikisahau nikaangalia kulia naona sikio la mke wangu. Nikachagua balbu. Zilikuwa kumi na nne, mbili zimeungua.

Tatizo la pili likaja na menyu. Ilikuwa Ijumaa, na Wahabeshi wa Orthodox hufunga nyama, maziwa na mayai karibu kila Jumatano na Ijumaa. Weita akatushauri kwa moyo safi tuchukue sinia la mfungo: dengu, shiro ya unga wa njegere, kabichi, na mboga fulani ya kijani wanayoiita gomen. Baba mkwe akainama, akaichunguza ile picha ya gomen kwa muda mrefu.

"Hii ni sukuma," akasema. "Nimetoka Bungoma, karibu kilomita 400, kijana wangu amevaa joho, nije nile sukuma?"

Nikaongeza kuku haraka. Doro wat, mchuzi wa vitunguu vilivyokaangwa polepole hadi vikayeyuka, na pilipili yao ya berbere, mwekundu kama udongo wa kwetu. Mzee akasikia neno kuku, uso ukafunguka.

Halafu sinia likaja. Moja. Kubwa kama gurudumu la mkokoteni, limetandikwa injera kutoka ukingo hadi ukingo, vyakula vyote vimemwagwa juu kwa mafungu mafungu.

"Baba, kwa nini wameweka chakula juu ya sponji?" binti yangu akauliza.

"Sahani ziko wapi?" nikauliza mimi, nikimwangalia weita kwa macho ya kuomba hifadhi.

"Sahani ndiyo hiyo. Hata sahani mnakula."

Nikaomba sahani moja tu, ndogo, hata ya chai. Akacheka akidhani ni utani. Nikaomba kijiko, niwe nachota kwa mbali. Akacheka zaidi.

Kwa hiyo nikagawanya sinia kwa akili. Nikachora mpaka wa kufikirika kwenye zile dengu, nikaapa vidole vyangu havitauvuka. Ile gomen, ule uji wa njegere, vyote vilivyokuwa upande wa mama, vikawa nchi ya kigeni nisiyo na pasipoti yake. Nilikula kabichi tu. Kabichi na pembe ya injera. Injera yenyewe, kama hujaila, ni unga wa tefu uliolowekwa na kuachwa uchachuke siku kadhaa, kisha unapikwa kama chapati ya maji upande mmoja tu, juu inabaki na matundu elfu ya kunyonya mchuzi. Ina uchachu. Mama aliionja (hili niliambiwa baadaye, maana mimi nilikuwa na balbu zangu) akamwuliza mke wangu kwa Kibukusu kama hawa watu wanajua chapati yao imeharibika. Kisha akachukua nyingine.

Baba mkwe alikuwa kwenye msako. Alichokora mchuzi kushoto, akachokora kulia, akatoa paja, akatoa yai zima lililochemshwa.

"Firigisi iko wapi?"

Kwetu hilo si swali la chakula, ni swali la cheo. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye mji. Unaweza kumpa mzee mabawa, shingo na mgongo, ukikosa kumpa firigisi hujampa kuku. Nikamwita weita, akaenda jikoni, akarudi na yai la pili.

"Ameleta mayai tena," mzee akasema, akilitazama. "Kuku amepikwa na mayai yake. Mama na mtoto chungu kimoja!"

Nikacheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe. Ningejua ni utabiri, ningeondoka.

Hapo ndipo weita alipoamua tumepoa mno. Akaja nyuma ya mzee, akakata kipande cha injera, akakifinyanga na nyama na mchuzi kikawa tonge la ukubwa wa limau, na kabla mzee hajauliza firigisi mara ya tatu, tonge likawa limeingia. Inaitwa gursha, akatueleza. Unamlisha mtu kwa mkono wako kuonyesha unampenda na unamheshimu. Akamlisha shemeji, joho na yote. Akamlisha mtoto. Akamzunguka mama kutoka nyuma, na mama, mke wangu aliniapia, akafumba macho na kufungua mdomo kama anayepokea komunyo.

"Na wewe kaka, mkeo hujamlisha bado? Angalia wanaume wenzako!"

Nikaangalia. Ni kweli, hoteli nzima watu walikuwa wakijazana midomo. Nikamwambia nitamlisha, asubiri.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nimeieleza hii mbele ya wazee mara mbili na bado kuna wasioamini. Mzee akanivuta kwa hoja ya firigisi: kama haimo kwenye sinia, iko jikoni, kama iko jikoni, kuna mtu anaila, mtu huyo ni nani? Nikageuka kushoto kabisa kumjibu. Wakati huohuo mtoto akataka kwenda msalani, na mama watoto akainuka akampeleka. Ukuta ukaondoka. Sikuuona ukiondoka. Na wale wa kikapu cha jirani walikuwa wamefika kwenye kahawa, wanaikaanga mbichi hapohapo juu ya jiko la makaa, na ubani unafukizwa kando. Ule moshi wote ukamwendea mama machoni. Mama naye, mtu wa busara, akahamia kigoda kilichokuwa wazi.

Mimi nikamaliza na mzee, nikarudisha macho kwenye balbu zangu, nikakumbuka ahadi ya gursha. Nikafinyanga tonge. Nilifinyanga vizuri, kwa mapenzi, nikaweka na kipande cha yai ndani. Nikalipeleka kulia bila kuangalia, kwa sababu miaka tisa imenifunza kutoangalia kulia.

Naye mama, macho yamefumbwa kwa moshi, akahisi mkono umekaribia mdomo, akadhani ni yule binti amerudi. Akafungua.

Lilipokelewa lote, na ncha ya kidole changu cha shahada. Na kidole hicho, Mungu anisamehe, kikapata jibu la swali nililolikwepa kwa miaka tisa. Ni pengo. Juu, upande wa kushoto.

"Asante mwanangu," sauti ikasema, si sauti ya mke wangu. "Sasa lete ile ya dengu."

Nikageuka polepole kama feni inayozimika. Mama naye akafumbua macho. Tukaangaliana, ana kwa ana, umbali wa shubiri moja, mkono wangu bado uko hewani unatiririka mchuzi.

"Baba anamlisha Kukhu!" binti yangu akapaza sauti kutoka mlango wa msalani, akimtaja nyanya yake kwa Kibukusu. "Mama, ona! Baba anamlisha Kukhu!"

Kikapu cha jirani wakapiga makofi. Weita akapiga vigelegele, akaja mbio. "Ongeza, kaka! Gursha moja huleta ugomvi, lazima iwe ya pili!"

Mama akajifunika uso wote kwa leso. Lakini niseme ukweli: ndani ya ile leso, taya liliendelea kutafuna.

Shemeji alikuwa ameinamisha kofia ya joho usoni, mabega yanatikisika. Mke wangu alisimama pale msalani kama mtu aliyeona gari lake likibebwa na askari wa kanjo. Baba mkwe ndiye aliyetulia. Akaweka yai chini. Akafuta vidole, kimoja kimoja. Akasafisha koo.

"Hapa," akasema, "kuna mbuzi."

"Pole, mzee, mbuzi leo hatuna," weita akajibu upesi. "Tuna kondoo."

Mzee akafikiri kidogo. "Hata kondoo sawa."

Nilitaka kuita bili papo hapo. Haikuwezekana, kwa sababu kahawa yetu nayo ilikuwa imeanza kukaangwa, na weita akaeleza kwamba kahawa yao hunywewa mikondo mitatu: ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu baraka, na si vizuri mgeni kuondoka kabla ya baraka. Nikasema tuna haraka. Baba mkwe akaniangalia.

"Baraka," akasema, "tunaihitaji leo kuliko siku nyingine yoyote."

Nikakaa mikondo yote mitatu. Mama alikuwa amehamishiwa upande wa pili, amenipa mgongo, na mimi nimempa wangu, kila mmoja ana kikombe kidogo kisicho na mkono kinachomchoma vidole. Mke wangu alikuwa amerudi mahali pake kama ukuta, ila sasa ukuta ulikuwa unanifinya paja. Bili ilipokuja nililipa kwa M-Pesa bila hata kusoma tarakimu. Niliiona asubuhi: shilingi 7,850, na yale mayai mawili yamo.

Kondoo wa faini alipelekwa wiki mbili baadaye. Shemeji, msomi wetu, ndiye aliyemchagua soko la Chwele na kumfikisha nyumbani, na mzee akanena maneno ya kunisafisha huku nikisikiliza kwenye simu. Nilidhani hapo mambo yameisha.

Jumapili mke wangu akaniletea ujumbe wa mama. Mama haongei na mimi, bila shaka, sasa kuliko zamani. Ujumbe hupitia kwa binti yake.

"Anasema kondoo amefika salama," mke wangu akasema, akijizuia kucheka. "Anasema amekusamehe."

"Ashukuriwe Mungu."

"Na anasema ile ya dengu hakuletewa mpaka leo."