Mzazi anayetaka vitabu hajapotoka, muulize kijana wa Maseno wa 1908

Kila nikipanda matatu ya Kondele, hapa Kisumu, lazima nisikie huu mjadala. Mzazi analalamika shule imeitisha karatasi za manila, gundi na rangi, na kitabu cha kusoma mtoto hana. Alafu kuna mwenye atamjibu, kwa kujiamini kabisa, ati sisi wazazi tuliharibiwa na mzungu, tunaabudu vitabu na mtihani, na CBC (siku hizi CBE), huu mtaala mpya wa umilisi, inaturudisha tu kwa elimu yetu ya asili, ile ya kutenda kwa mikono. Hapo ndio mimi hushindwa kunyamaza, juu historia ya hapa kwetu inasema kitu kingine.

Wacha nianze na huyo anayetetea mikono, ako na hoja. Kabla shule haijakuja watoto walijifunza wakifanya, huwezi funzwa kusuka nyavu kwa maneno pekee, na mtoto wa mvuvi alijua upepo wa ziwa kabla ajue kuhesabu mia. Na 8-4-4 yenyewe, mtaala uliotangulia CBC, ilianza 1985 kwa ahadi hiyo hiyo ya ufundi, useremala, kilimo, sayansi kimu, alafu karakana zikakosa vifaa na mtihani ukameza kila kitu. Mtu aliyekariri miaka kumi na mbili akatoka bila kazi ako na haki ya kuuliza alikuwa anafunzwa nini. Hilo sipingi.

Lakini hiyo "elimu ya asili" wanayoitaja ni nusu tu. Kwa Wajaluo kulikuwa na siwindhe, nyumba ya nyanya, watoto wanalala huko na usiku ni hadithi na vitendawili mpaka usingizi uwashinde. Fikiria kitendawili kinafanya nini: mtoto anapewa picha ya maneno, anatafuta kilichofichwa ndani, akishindwa anachekwa, kesho anarudi na chake. Hiyo ni kazi ya kichwa. Wavulana nao wakikua walikaa duol, kibanda cha mzee wa boma, na wazee wakisikiliza kesi na historia ya ukoo, nani alitoka wapi, mpaka uko wapi. Hapo hakuna jembe wala randa, kuna kukumbuka, kupima maneno na kujibu. Kwa hivyo mtu akisema Mwafrika asili yake ni mikono, mimi huuliza hayo maneno aliyatoa wapi.

Na yalitoka mahali. 1902 Waquaker, wamishenari kutoka Marekani, walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na misheni yao walikuwa wameiita Friends Africa Industrial Mission, neno la ufundi liko ndani ya jina lenyewe. 1909 Profesa Nelson Fraser aliandikia serikali ya kikoloni ripoti, akashauri Mwafrika apewe elimu ya ufundi. 1924 ikaja Tume ya Phelps-Stokes, ya kuchunguza elimu ya Mwafrika, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na mfano waliobeba ulikuwa wa Hampton na Tuskegee, shule za ufundi za watu weusi huko kusini mwa Marekani, na mwaka uliofuata Jeanes School, ya kufunza walimu kwa mfano huo, ikafunguliwa Kabete. Wengine kati yao walikuwa na nia njema, sikatai, lakini angalia vile ilivyokaa: mtoto wa setla hakuambiwa mikono ndio asili yake. Setla alitaka mfanyakazi anayejua kupiga msumari, hakutaka karani anayeweza kusoma mkataba.

Sasa kuja Maseno, karibu na Kisumu. Shule ilianzishwa 1906 na wamishenari wa CMS, wa Kanisa la Anglikana, ikachukua watoto wa machifu. 1908, miaka miwili tu, wanafunzi wakagoma. Sababu? Kazi ya mikono ilikuwa mingi na wao walikuja kusoma na kuandika. Huu mgomo mimi huurudia kichwani sana. Hawa vijana walitoka nyumba za wakulima na wafugaji, kazi ya shamba waliijua kuliko mwalimu wao, hawakuwa wavivu. Walikuwa wameona mzungu anaandika kitu kwa karatasi, karatasi inaenda Kisumu, na askari wanakuja kuitisha kodi. Nguvu ilikuwa kwa hiyo karatasi, wakaitaka. Hata Wakristo wa kwanza kwa Kijaluo waliitwa jo-somo, watu wa kusoma, yaani dini na herufi vilikuwa kitu kimoja.

Na angalia walichofanya nayo. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, ikazaliwa Young Kavirondo Association, chama cha kudai haki kwa serikali ya kikoloni, ile watu waliita Piny Owacho, na waliokuwa mbele ni walimu na wasomi wa Maseno, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti. Walidai kodi ipunguzwe, kipande, ile kitambulisho Mwafrika alilazimishwa kubeba, kiondolewe, na wakadai pia shule ya serikali. Wakaandika madai yao kwa lugha ambayo gavana hangesema haelewi.

Ndio maana mzazi wa Kondele akiuliza kitabu kiko wapi, mimi simwoni kama mtu aliyeoshwa akili. Ameona mwenye kuandika anavyopata na mwenye kubeba anavyobaki, na babu yake pia aliona. Mikono ifunzwe, na ifunzwe vizuri, kwa karakana iliyo na randa na misumeno, na mtoto wa shule ya pesa nyingi pia ashike jembe. Lakini saa hii sekondari ya juu inaanza gredi 10 na watoto wanagawanywa njia tatu, sayansi, jamii, na sanaa na michezo, na shule isiyo na maabara itampeleka mtoto mahali gani? Mkiitwa mkutano wa wazazi ulizeni hilo kwanza, alafu ulizeni kila mtoto ako na vitabu vingapi, na mwalimu asijibu na habari ya manila.