Nyanya Ameanguka, na Hakuna Aliyeuliza Kwa Nini

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Uingereza, mzee akiteleza kutoka kitini akakaa sakafuni, hata bila kuchubuka, ni lazima ijazwe fomu ndefu inayomchelewesha mtu baada ya zamu ya usiku, nami huijaza kwa kununa. Hata hivyo, fomu hiyo naionea wivu kuliko stima yao isiyopotea.

Fomu inauliza mzee alianguka saa ngapi, alikuwa akienda wapi, alivaa nini miguuni, miwani yake ilikuwa wapi na alimeza dawa gani. Kisha muuguzi humpima presha akiwa amelala na tena akiwa amesimama, kwani kuna dawa zinazoishusha ghafla mtu anapoinuka. Aliyeanguka mara moja yumo hatarini kuanguka tena. Ikibainika kwamba huanguka karibu na alfajiri akikimbilia choo, hupelekwa kabla ya saa hiyo, wala hafungwi kitandani.

Kwetu Mombasa nyanya akianguka tunamwinua kwa kumshika makwapani kabla hatujajua kama nyonga imevunjika, tunamkanda kwa mafuta, tunasema ni uzee na ni kudra, na kesho yake anapita pale pale, juu ya mkeka ule ule uliojikunja ukingoni, baina ya majerikeni yale yale ya maji (mifereji yetu haiaminiki, mnajua), kwa kandambili zilizolika, gizani, akienda kutawadha.

Nitaambiwa kwamba Ulaya imenilevya, na kwamba hao ninaowasifu huwaachia watu baki wazee wao. Hilo silitetei. Nimewaona wazee wakingoja wageni wasiokuja, na usiku wafanyakazi ni wachache hata zulia la kengele kando ya kitanda, linalolia mzee akilikanyaga, likilia, huenda ameshafika chini. Nyanya wa Kibokoni, mtaani kwetu Mombasa, analala chumba kimoja na mjukuu wake, neema isiyonunulika huku kwa fedha yoyote. Hapo ndipo ninapokasirika: mjukuu yupo, lakini hakuna aliyemwambia aamke, awashe tochi na amshike mkono.

Na msiniambie hatuna uwezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Kuuondoa mkeka ni bure, na kumpeleka nyanya na mfuko wa dawa zake zote kwa daktari, aulizwe ni ipi inayomtia kizunguzungu, kunaanza na nauli ya tuktuk.