Shule Binafsi na Mlango wa Muhimbili: Ada Hununua Nini Hasa?

Kila mwaka maelfu ya wazazi wa Tanzania wenye watoto wanaomaliza darasa la saba hukaa chini kupiga hesabu ile ile. Je, mtoto aende shule ya sekondari ya kata iliyo jirani, ambako tangu 2016 hakuna ada, au familia ijibane na kulipa mamilioni ya shilingi kwa mwaka katika shule binafsi, kwa matumaini kwamba miaka sita baadaye atapata nafasi ya udaktari Muhimbili, chuo kikuu cha afya cha Serikali, au uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Wapo wanaouza kiwanja au kuchukua mkopo kwa ajili ya uamuzi huu, na ndiyo maana jibu lililozoeleka, kwamba shule binafsi ndizo zinazoongoza kitaifa na kwa hiyo ndizo njia ya uhakika, halifai kupokelewa bila kuchunguzwa.

Ni muhimu kwanza kuelewa mlango wenyewe unavyofunguliwa. Tangu mfumo wa udahili wa pamoja ulipoondolewa mwaka 2017, mwombaji wa shahada ya kwanza hupeleka maombi yake chuoni moja kwa moja. Tume ya Vyuo Vikuu huweka sifa za chini, lakini kozi yenye ushindani hujaa watu wenye pointi za juu kuliko hizo, na kinachoamua ni alama za kidato cha sita katika masomo ya tahasusi husika, yaani mchanganyiko wa masomo aliouchagua mwanafunzi kidato cha tano. Hakuna barua ya mwalimu mkuu inayompandisha mwombaji, wala insha ya maisha yake, wala upendeleo kwa mtoto wa mhitimu wa zamani. Jina la shule halina pointi.

Marekani hali si hiyo. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walichapisha utafiti kuhusu vyuo 12 vyenye ushindani mkubwa zaidi nchini humo, vikiwamo Harvard na Stanford, wakaonyesha kwamba watoto wa familia zilizo katika asilimia 1 ya juu ya kipato walikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili ya kusoma humo kuliko watoto wa tabaka la kati waliopata alama zile zile za mtihani. Mojawapo ya sababu tatu walizozitaja ni kwamba waombaji hao walipewa tathmini za juu katika mambo yasiyo ya kitaaluma, na tathmini hizo zilihusiana sana na kusoma sekondari za binafsi. Kwa hiyo mzazi wa Tanzania anayelenga vyuo vya namna hiyo, akampeleka mtoto shule ya kimataifa yenye mshauri wa kuandaa maombi ya ng'ambo, ananunua kitu ambacho kweli kipo. Anayelenga Muhimbili hawezi kukinunua. Kwake swali ni moja tu: je, shule binafsi humwongezea mtoto alama, au hukusanya watoto ambao wangepata alama hizo popote?

Hoja ya wanaotetea shule binafsi ina uzito, na haipaswi kupuuzwa na mtu yeyote anayezijua shule zetu. Mpango wa kujenga sekondari za kata, ulioanza mwaka 2004, uliwafungulia mlango watoto wengi mno ambao awali wangeishia darasa la saba, lakini madarasa yalitangulia na walimu wakachelewa, hasa wa fizikia, kemia na hisabati. Hadi Novemba 2012 Rais Kikwete alilazimika kuagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara, agizo ambalo lenyewe linaeleza hali ilivyokuwa. Mtoto anayetaka kusoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) kidato cha tano, lakini amefika kidato cha nne bila mwalimu wa kudumu wa fizikia, ameukosa udaktari kabla hajajaza fomu yoyote ya chuo. Kuna pia suala la lugha. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza, wakati mwenzake aliyetoka shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza amekwishazoea kuandika maelezo marefu kwa lugha hiyo. Shule binafsi nzuri, yenye bweni, vitabu na mwalimu anayeingia darasani kila kipindi, huziba pengo ambalo ni la kweli.

Lakini ushahidi unaotajwa zaidi ni orodha ya shule kumi bora, na hapo ndipo ninaposita. Katika matokeo ya kidato cha nne ya kuanzia 2017 hadi 2021, nafasi ya kwanza ilishikwa ama na St. Francis ya Mbeya ama na Kemebos ya Kagera, zote za binafsi, na shule za Serikali zilionekana kwa nadra katika nafasi zilizofuata. Kidato cha sita picha ilibadilika. Mwaka 2016 iliongoza Kisimiri, shule ya Serikali iliyoko Arumeru mkoani Arusha. Mwaka 2018 iliongoza Kibaha, nayo ya Serikali, na mwaka 2019 Kisimiri ikarudi kileleni. Mzumbe, Ilboru na Tabora Wavulana nazo si ngeni katika orodha hizo. Ni vigumu kuamini kwamba Serikali hufundisha vibaya kwa miaka minne kisha hufundisha vizuri kwa miwili.

Maelezo yanayokaa sawa zaidi ni uteuzi. Kibaha na wenzake hupokea kidato cha tano vijana waliopangwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa ufaulu wa juu kutoka nchi nzima, wakiwamo waliomaliza shule binafsi, ilhali shule ya kata hupokea kila aliyefaulu mtihani wa darasa la saba katika eneo lake. Shule binafsi zenye majina nazo huchagua: kwanza kwa usaili kabla ya kidato cha kwanza, kisha kwa wastani wa ndani ulio juu kuliko ule unaotakiwa na Serikali. Malalamiko ya wazazi kuhusu watoto kurudishwa darasa, au kushauriwa kuhama kwa sababu hawakufikia wastani wa shule, ni ya miaka mingi, na Serikali imeyakemea zaidi ya mara moja. Mtoto wa aina hii, aliyelipiwa ada miaka miwili kisha akaambiwa atafute shule nyingine, haonekani katika sifa za shule ile. Kwangu hili ni jambo zito kuliko nafasi yoyote ya kitaifa, maana maumivu yake hubebwa na mtoto wa miaka kumi na mitano.

Watetezi wa shule binafsi wana jibu hapa, na ni la haki. Wengi wa wanaong'ara Kibaha au Ilboru kidato cha sita waliwekewa msingi na shule binafsi kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa hiyo si sahihi kuipa Serikali sifa yote. Nakubaliana nao. Ila hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho, inapunguza pia thamani ya kulipa ada kwa miaka yote sita. Tangu mwaka wa fedha 2022/2023 kidato cha tano na cha sita katika shule za Serikali nacho hakina ada, na kwa kijana aliyepangiwa shule yenye walimu wa tahasusi yake sioni ni kitu gani mzazi angekipata kwa kulipia miaka hiyo miwili kwingine.

Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora mwanzoni mwa 2023. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa orodha ile ilikuwa tangazo la biashara lisilolipiwa. Hata hivyo matokeo ya kila shule bado yako wazi katika tovuti ya Baraza, na yanaeleza mengi kwa mzazi anayejua pa kutazama. Fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya shule unayoifikiria, hesabu wanafunzi wake, kisha fungua matokeo ya kidato cha nne ya miaka miwili baadaye. Kama kidato cha pili walikuwa tisini na kidato cha nne wakafanya mtihani sitini, wote kwa daraja la kwanza, swali la kuuliza ni wale thelathini walikwenda wapi. Huenda baadhi walihama kwa sababu za kifamilia, lakini pengo kubwa linalojirudia kila mwaka halielezeki hivyo.

Kuna gharama nyingine ambayo familia huikumbuka ikiwa imechelewa. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hupimwa uhitaji wake, kwa hiyo mkopo si kitu cha kutegemea kwa uhakika. Familia iliyomaliza akiba yote kwenye ada za sekondari yaweza kufika chuoni ikiwa haina kitu.

Kwa hiyo msimamo wangu hautegemei kama shule ni ya binafsi au ya Serikali. Pale ambapo shule ya kata haina walimu wa sayansi na mtoto ana nia ya sayansi, ada ya shule binafsi ya wastani, isiyo na jina kubwa lakini yenye walimu na maabara inayotumika, naiona ni matumizi yenye maana. Pale ambapo shule ya kata ina walimu hao, sehemu ya fedha hizo ikienda kwenye vitabu na tuisheni ya Kiingereza na hisabati, na nyingine ikawekwa kwa ajili ya chuo, mtoto hapotezi kitu ambacho Muhimbili itamdai. Shule yenye jina, ile inayochuja, humfaa zaidi mtoto ambaye angefaulu hata bila kuipitia, na mzazi anayekwenda kulipa humo ana haki ya kumuuliza mkuu wa shule, kabla ya kutoa hata shilingi, ni wangapi walioanza kidato cha kwanza miaka minne iliyopita na ni wangapi kati yao waliofanyia mtihani wa kidato cha nne hapo hapo.