Chai ya artemisia mbele ya vimelea sugu

Mjadala kuhusu chai ya majani ya artemisia kama tiba ya malaria si mgeni katika Afrika Mashariki na Kati, lakini uchunguzi wa jeni za vimelea uliotangazwa Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka 2021 na mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2024 umeuongezea uzito. Kote huko watafiti walikuta vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum vyenye mabadiliko katika jeni iitwayo K13, ambayo huzifanya dawa za jamii ya artemisinini, zinazotokana na mmea huo huo, zichelewe kuviondoa kwenye damu. Wapo wanaosema kwamba huu ndio wakati wa kurudi kwenye mmea mzima, na wapo wanaohofu kwamba chai hiyo ndiyo itakayoimaliza dawa tuliyobaki nayo. Pande zote mbili zinastahili kusikilizwa, ingawa ushahidi wao haulingani.

Artemisinini ilipatikana kutoka mmea wa Artemisia annua nchini China, katika utafiti ulioongozwa na Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dondoo zake za awali zilitoa matokeo ya kuyumba, mpaka aliposoma maelekezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza mmea ulowekwe majini kisha ukamuliwe, bila kutaja kuuchemsha. Mwaka 1971 alitumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na dondoo ikafanya kazi. Nguvu ya molekuli hiyo imo kwenye daraja la atomu mbili za oksijeni, ambalo moto mkali unaweza kulivunja, na zaidi ya hapo molekuli yenyewe haiyeyuki vizuri majini. Ndiyo maana watafiti walipopima lita moja ya chai iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani makavu, walikuta miligramu 94.5 tu za artemisinini, takribani asilimia 19 ya dozi ya kawaida ya siku.

Kiwango hicho si bure, lakini hakitoshi. Jaribio lililofanywa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuchapishwa mwaka 2004 lilionyesha kwamba siku ya saba asilimia 74 ya waliokunywa chai walikuwa wamepona, dhidi ya asilimia 91 ya waliopewa kinini, dawa ya zamani ya malaria, na katika majuma yaliyofuata vimelea viliwarudia wengi wa kundi la chai. Jaribio jingine, lililofanyika katika jimbo la Maniema la nchi hiyo hiyo, lilidai kwamba chai iliishinda dawa mseto ya artesuneti na amodiakwini, yaani dawa ya jamii ya artemisinini iliyounganishwa na dawa mwenza. Jarida lililolichapisha liliiondoa makala hiyo mwaka 2020, na bado inanukuliwa kana kwamba haikuguswa. Wanaoipenda artemisia kwa dhati wangeitendea haki zaidi kwa kuacha kuitegemea makala hiyo.

Hoja yao yenye nguvu iko kwingine. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliolishwa unga wa majani makavu walikabiliana hata na vimelea vilivyokwisha kuwa sugu kwa artemisinini tupu, na kwamba vimelea vilichukua muda mrefu zaidi kujenga usugu dhidi ya mmea mzima. Maelezo yanayotolewa ni kwamba flavonoidi na kemikali nyingine za jani husaidia artemisinini kufyonzwa na kukaa mwilini. Mimi naichukulia hoja hii kwa uzito. Hata hivyo, waliotibiwa walikuwa panya, na walichopewa ni unga wa jani zima, si maji ya majani yaliyochujwa. Wala matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwa Artemisia afra, jamaa yake anayeota kwenye nyanda zetu za juu, ambaye hana artemisinini ya kutajika.

Jeni nazo zina neno lao. Kimelea kinapomeng'enya himoglobini ya mgonjwa, ile protini nyekundu ya damu, kinaachia chuma, na chuma hicho ndicho kinachoiamsha artemisinini. Chenye mabadiliko ya K13 hula himoglobini kidogo kinapokuwa kichanga, kwa hiyo dawa huamshwa kidogo, nacho husubiri ipite. Artemisinini hutoka mwilini ndani ya saa chache, na katika dawa mseto vimelea vilivyosalia humalizwa na dawa mwenza inayokaa kwa siku nyingi. Hilo ndilo linalofanya wagonjwa wengi waendelee kupona licha ya usugu huu wa sehemu. Anayekunywa chai peke yake hana mwenza huyo.

Lakini haki itendeke pia upande wa pili. Onyo la Shirika la Afya Duniani, lililorudiwa mwaka 2019, kwamba majani huweza kuchochea usugu, lina mantiki ya kikemia. Hata hivyo, hakuna aliyeonyesha kwamba chai ndiyo iliyozaa mabadiliko yaliyoonekana Rwanda. Yalizuka huko huko, katika nchi ambayo tiba rasmi ni dawa mseto. Mtu mzima anapaswa kumeza vidonge 24 vya ALu, dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta ili lumefantrini ifyonzwe. Wengi huacha homa inaposhuka, na wengine hukuta zahanati imeishiwa. Kumlaumu mwenye mche wa artemisia uani na kuyanyamazia hayo ni kuikwepa nusu ya tatizo.

Kwa maoni yangu, mgonjwa aliyethibitishwa kuwa na malaria, hasa mtoto au mjamzito, asitibiwe kwa chai, na serikali zisiruhusu iuzwe kama tiba. Unga wa jani zima, kwa upande wake, unastahili jaribio halali mahali kama Karagwe, mkoani Kagera: kiasi cha artemisinini kipimwe katika kila fungu la majani, wagonjwa wafuatiliwe kwa siku zisizopungua 28 huku dawa mseto ikiwa tayari kwa atakayeshindwa, na jeni ya K13 isomwe siku ya kwanza na siku vimelea vitakapomrudia yeyote.