Gari Kunyamaza Si Kutengenezwa

Juzi jioni jirani yangu aliniita nitoke nje nikasikilize gari lake. Hakuniita nikaliangalie, bali nikalisikilize. Lilikuwa limetoka gereji muda huo huo, injini ingali moto, naye ameinama karibu na bomba la nyuma kama mganga aliyetega sikio kifuani mwa mgonjwa, huku mwanawe akikanyaga mafuta kwa amri yake. Akaniuliza kama nimesikia. Nikamjibu kwamba sijasikia chochote, naye akapiga makofi kwa furaha: "Ndiyo hivyo, jirani! Wiki iliyopita si mtaa mzima ulikuwa unaamka nikiliwasha?" Hapo nikafanya kosa ambalo limeupoza ujirani wetu hadi leo: nikaomba tochi, nikalala chali, nikachungulia chini.

Nilichokiona kilikuwa kiraka cha bati kilichochomelewa juu ya kutu, madonge ya chuma yaliyopangana ovyo kama nta ya mshumaa, waya wa kufungia uzio umeshika mahali palipostahili kuwa na mpira wa kuning'inizia ekzosi, yaani bomba la moshi, na juu ya hayo yote rangi ya silva iliyopulizwa kwa ukarimu mkubwa. Rangi hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko vyote. Fundi aliyechomelea vizuri hana sababu ya kuificha kazi yake, na rangi ya kawaida ikikutana na joto la ekzosi huungua na kubambuka baada ya safari chache tu. Haikupakwa ili idumu. Ilipakwa ili idumu mpaka mteja alipe.

Nasema wazi kwamba sikio ndilo shahidi dhaifu kuliko wote katika kesi ya ekzosi, na gereji nyingi zinalijua hilo. Chuma kikipata joto hutanuka, na ufa mdogo au kiungo kilicholegea hujibana chenyewe kikanyamaza. Gari linalokabidhiwa likiwa moto, baada ya fundi kuliwasha na kulivumisha kwa nusu saa, linakabidhiwa katika dakika yake bora kabisa. Atakaye kujua ukweli na alilaze gari usiku kucha, kisha aliwashe alfajiri likiwa baridi kabisa na asimame kando yake dakika mbili za mwanzo. Kama kuna mlio wa "ts-ts-ts" unaokwenda sambamba na mapigo ya injini na kufifia kadiri joto linavyopanda, basi kinachofifia ni sauti tu, uvujaji upo pale pale.

Tena kuna uvujaji usio na kelele hata kidogo. Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba, bali hutoka kwa mawimbi, na nyuma ya kila wimbi shinikizo hushuka kiasi cha kuvuta hewa ya nje iingie kupitia tundu. Tundu hilo likiwa kabla ya sensa ya oksijeni, sensa hupokea hewa isiyohusika, kompyuta ya gari hudhani kwamba mchanganyiko umepungukiwa na petroli, nayo huamuru iongezwe. Matokeo yake ni gari kimya kabisa linalokunywa mafuta kama lililolaaniwa, na mwenye gari anamlaumu muuza mafuta.

Lakini hata uvujaji si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni swali moja ambalo gereji ya ekzosi isipoliuliza, kazi yake yote naihesabu kuwa mapambo: kwa nini ilipasuka?

Miaka kadhaa iliyopita fleksi ya gari langu, yaani kile kipande cha ekzosi kinachonyumbulika, ilipasuka, nikaipeleka gereji, wakaweka mpya. Ikapasuka tena. Nikahamia gereji nyingine, ambako fundi aliichomelea kwa mkono uliotulia hivi kwamba mshono ulionekana kama ushanga uliotungwa na bibi harusi; nami, kwa ujinga wangu, nikawa nawaonyesha watu picha yake. Hiyo nayo ikapasuka. Mara ya tatu nilikwisha kuanza kuamini kwamba fleksi zote duniani ni bandia. Ndipo nikakutana na mzee mmoja ambaye, kabla hata ya kuchukua jeki, aliniambia nifungue boneti, nikanyage breki kwa nguvu, kisha nihamishe gia kutoka kwenda mbele hadi kurudi nyuma, huku yeye akitazama injini. Injini iliruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mauntingi mbili, yaani ile mipira inayoishikilia injini, zilikuwa zimekufa siku nyingi, na kwa kuwa injini yenyewe imelazwa kwa upana, kila nilipokanyaga mafuta ilikuwa inabinuka na kuivuta ekzosi. Fleksi huwekwa ili ikubali mtikisiko mdogo wa injini. Hakuna fleksi iliyotengenezwa ili ishindane na injini nzima. Mzee akabadilisha mauntingi kwanza, kisha fleksi, na hiyo ndiyo ipo hadi leo.

Wale mafundi wawili wa kwanza hawakuwa wabaya wa kuchomelea. Kazi yao ilikuwa safi kabisa na ya bure kabisa, kwa sababu waliitibu sehemu iliyovunjika bila kumtafuta aliyeivunja. Hii ndiyo sababu ninacheka nikisikia gereji ikisifiwa kwa mshono mzuri. Mshono mzuri ni lazima, lakini ekzosi ni kitu kinachoning'inia, na kila mpira unaokatika huhamishia uzito wake kwenye kiungo cha jirani, ambacho nacho siku moja hukatika, kisha mteja huambiwa kwamba "hii ni shida nyingine." Hapana, ni shida ile ile iliyohama nyumba. Shika bomba la nyuma likiwa limepoa, ulitikise: linapaswa kucheza kidogo, zima kwa pamoja, bila kugonga bodi, kisha lirudi mahali pake. Likiwa gumu kama nguzo, kuna mtu amechomelea mahali pa kuachia. Likigonga, kuna mtu amefunga waya.

Kutu nayo ina sababu yake, na mara nyingi huanzia ndani. Petroli ikiungua huzaa maji mengi, karibu lita moja kwa kila lita iliyoungua, na gari la safari fupi halipati muda wa kuipasha moto sailensa hadi maji hayo yakauke. Yanabaki humo pamoja na asidi, yanakula chuma taratibu, na tundu linapotokea nje ndani kumekwisha kuwa ungaunga. Kuweka kiraka juu ya ngozi ya namna hiyo ni kushona kiraka kwenye utando wa buibui. Fundi mwenye adabu hugongagonga kwanza, hukata hadi afikie chuma kizima, ndipo huunganisha. Na kwa kuwa tumefika hapo: lile tundu dogo sana lililopo chini ya baadhi ya sailensa liliwekwa kiwandani ili kutoa maji hayo. Nimewahi kuliona limezibwa kwa ustadi mkubwa na fundi aliyeniambia kwamba hilo amenifanyia bure, kama zawadi.

Mengine nayapitia haraka. Gasketi ya zamani, yaani kile kizibio cha katikati ya viungo, hairudishwi. Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea kwa umeme, la sivyo kompyuta ya gari inaweza kudhurika. Bomba likikunjwa kwa mashine mbovu hadi likabonyea kwenye kona, njia ya moshi imefinywa hata kama bomba ni jipya. Na kama kazi yoyote imefanywa karibu na masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, dai kuyaona kwa macho, mazima, mahali pake, kwa sababu ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna gereji zinazoyatoa kwa maelezo kwamba "yameziba" huku zikijua vizuri yatauzwa wapi. Yakiziba kweli huwekwa mengine, halafu mabovu unakabidhiwa wewe mwenye mali.

Kuna wakati mzaha wote huu unaniisha. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Bomba linalovuja chini ya kiti cha nyuma, penye sakafu iliyotoboka kwa kutu au mlango wa buti usioziba sawasawa, huingiza moshi mahali wanapolala watoto safarini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo mzazi huyaita uchovu wa safari. Harufu ya moshi ndani ya gari ni onyo, lakini kukosekana kwa harufu si cheti cha usalama. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba nina makuu, kwamba ekzosi ni bomba tu, najikuta sina hata hamu ya kubishana naye.

Nakiri, ingawa shingo upande, kwamba wateja nasi tuna mkono wetu. Tunaingia gereji tukisema "niondolee hizi kelele," kisha tunashangaa kwamba tumeondolewa kelele. Nakiri pia kwamba kiraka si dhambi kila wakati: gari lililobakiza miezi michache lisafirishe mizigo kisha liuzwe vyuma chakavu halihitaji ekzosi mpya, mradi fundi aseme kwa kinywa chake kwamba hiki ni kiraka, kitadumu kiasi, na hapa ndipo kitakapoanza kuachia. Ninayemlaumu ni yule anayeuza kiraka kwa jina la matengenezo.

Gereji ninayoiamini naitambua kabla ya malipo. Fundi wake hunialika chini ya gari likiwa bado juu ya jeki na vigingi vyake, hunionyesha kipande cha zamani na mahali kilipoanzia kufa, hupaka maji ya sabuni kwenye viungo vikiwa baridi na kupuliza hewa kwenye bomba ili tuone pamoja kama kuna povu, tena haoni haya kuuacha mshono wake bila rangi ya kuuficha. Nikimwambia kwamba nitarudi kesho asubuhi kulisikiliza likiwa baridi, hakunji uso.

Hayo yote nilijaribu kumweleza jirani yangu juzi nikiwa bado chini ya gari lake, naye akanijibu kwamba nina wivu. Leo alfajiri nilisikia akiliwasha. Likalia "ts-ts-ts" kwa dakika kama moja na nusu, likafifia, likanyamaza. Nilichungulia dirishani nikitarajia kumwona anaondoka, lakini akazima injini, akakaa ndani ya gari kwa muda, kisha akashuka na kurudi nyumbani kwake. Alipotoka tena alikuwa ameshika tochi.